Meza ya ukurasa wa thelathini na moja

Nyinyi vijana mnaoandika kwa kidole gumba, niazimeni macho kidogo, maana yangu yamechoka. Miye ni Mama Feza. Kama wazazi wenu walisoma hapa Likasi, na kama siku moja walipewa mtihani wa hesabu wenye kusomeka vizuri, kuna uwezekano mkubwa ni miye niliyeupiga. Kama walishindwa, hiyo si yangu. Miye nilipiga maswali, sikupiga majibu.

Nitasema ukweli toka mlangoni, musije mkanivua nguo huko mbele. Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alikuwa anatuonyesha kugawanya kwa koma, na siku ile ile mama akajifungua mapacha. Nikabaki nyumbani kuwabeba. Koma ile sikuiona tena. Halafu Mungu, mwenye kupenda kucheka, akanipa kazi ya kupiga hesabu za walimu na maprofesa mpaka nimezeeka.

Kupiga nilifundishwa na Papa Sangwa. Huyo alikuwa mzee wa mashine ya kuandikia katika ofisi ya shule moja upande wa Shituru, shati jeupe kila siku, na moshi wa kiwanda uliliheshimu, sijui kwa dawa gani. Enzi ile hakuna ordinateri, hizi kompyuta zenu. Kulikuwa stensili, karatasi yenye nta: unapiga herufi, herufi inatoboa nta, unaifunga kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, wino unapita kwenye matobo. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu kama rangi ya kucha, unapuliza, unangoja, unapiga tena. Kucha zangu za mkono wa kushoto zilikuwa nyekundu kila siku, na mama mkwe wangu wa kwanza (niliolewa mara mbili, hiyo tutaiacha) akasema huyu binti ni mtu wa baa. Ilikuwa dawa ya stensili!

Sasa, mashine ile haikuwa na alama za hesabu. Ilikuwa na kujumlisha, na sawasawa, basi. Mwalimu anakuletea karatasi imejaa nyoka na ndoana. Unafanya nini?

"Acha tundu," Papa Sangwa aliniambia. "Piga vyenye unajua. Mahali haujue, acha nafasi tupu, mwalimu atakuya kuchora mwenyewe na kalamu ya chuma."

"Na kama miye nafikiri najua, Papa?"

"Apo njo utaacha tundu kubwa zaidi. Tundu haidanganye muntu, Feza. Mutu akiona tundu, anajua kuko kitu inapungua. Akiona uongo mwenye kuvaa vizuri, anamusalimia bonjour."

Mushike hayo maneno. Miye niliyashika miaka mingi, na siku moja niliyaachilia, na ndiyo hiyo siku nataka kuwaeleza.

Ordinateri ilipofika, nilifungua ofisi yangu ndogo karibu na stesheni ya gari-moshi: meza mbili, mashine moja ya kuchapa, na mlangoni Mama Ndaya anayekaanga beignets, maandazi ya mviringo. Kila karatasi iliyotoka kwangu ilinuka mafuta, lakini wateja hawakunung'unika; walikula wakingoja. Na humo ndani ya ordinateri, kumbe alama zote ziko! Zimejificha tu. Nilizitafuta kama mama anayetafuta kiatu kimoja cha mtoto asubuhi ya misa.

Kwa kuwa majina yake ya shule sikuyajua, nilizipa majina yangu. Ile ndefu yenye kujipinda, wanayosema integrali, nikaiita nyoka. Mzizi wa mraba, paa la nyumba. Ile nane iliyolala, miwani, maana mume wangu wa pili alikuwa na miwani kama hiyo na alikuwa anaiacha kulala popote. Pembetatu, ni mlima. Pi, ile yenye miguu miwili na ubao juu, ni nini kama si meza? Na ile ya "ndogo au sawasawa" ni mdomo wa bata aliyelala juu ya mkeka.

Kila moja ilikuwa na namba zake, unashika Alt na mkono wa kushoto unapiga namba za kuume: nyoka, 0242. Paa, 0214. Miwani, 0165. Nilizikariri kama rozari. (Angalieni: kitaa cha Verr Num, cha kufungulia namba, kiwake kwanza. Wateja wangapi waliniambia klavie, ubao wa herufi, imekufa, kumbe kitaa kimezimwa! Na ile mbili ndogo ya juu, ya mraba, musiitafute mbali, iko pembeni chini ya Échap, ile mnayoita Esc, inakaa peke yake kama mjane.)

Njia yangu ya kazi ilikuwa hii: mteja anakaa kando yangu, anasoma kwa sauti, miye napiga. Na mteja alilazimika kusoma kwa lugha yangu, la sivyo hatuendi. Mulipaswa kuwasikia! Profesa mzima wa chuo, nyusi nyeupe, tai shingoni, anainama juu ya daftari lake: "Mama Feza, weka nyoka. Chini sifuri. Juu miwani. Sasa fungua paa, ndani weka meza..." Na Mama Ndaya mlangoni anaitika, "Na beignet?"

Sasa sikilizeni siri, maana kosa langu linatoka hapo. Nyoka, miwani, meza, zote zilikuwa nguo tu. Kuna police moja, yaani mtindo wa herufi, inaitwa Symbol. Ukipiga p ukamvalisha Symbol, anakuwa meza. Ukipiga D, anakuwa mlima. Nyoka, ukimvua, chini yake ni o yenye kofia ya upande. Miwani, ukimvua, ni Y yenye mistari, alama ya pesa za watu wa mbali. Kila alama ilikuwa herufi ya kawaida imevaa kinyago. Miye nililijua hilo. Nilijua, na bado.

Alikuja kwangu mwanamke mmoja, Kapinga. Mtu mzima, watoto wanne, wazazi wake walitoka Kasai na baba alifanya kazi ya mgodi. Alikuwa anafundisha hesabu katika sekondari moja, lakini kwa muda, bila diploma kubwa, na mkurugenzi alishamwambia: mwaka wa shule ukianza hauna diploma, darasa napatia mwingine. Kwa hiyo aliandika kitabu chake cha kumaliza chuo juu ya maji: namna maji yanavyosukuma ndani ya bomba nene, kama yale ya kule Koni yanakotoka umeme. Kurasa hamsini na nane. Tulipiga wiki tatu, yeye anasoma, miye napiga. Alikuwa mkali. Nikikohoa, alirudi mwanzo wa mstari.

Tulipomaliza alinipa samaki wawili wakubwa wa ziwa Tshangalele, akasema, "Mama, daftari yangu ya mukono ubaki nayo, miye siitaki tena kuiona."

Na miye, mwenye kupenda usafi, nikampa Mama Ndaya daftari lile afungie beignets.

Alhamisi mchana Kapinga akarudi mbio. "Mama Feza! Ku chuo banasema kila kitu kiwe Times New Roman, douze, kumi na mbili. Page yote. Kesho saa tisa ya muchana njo mwisho ya kuweka vitabu kule."

"Ni kitu kidogo," nikasema. Nikapiga Ctrl na A, kila kitu kikawa cheusi. Nikachagua Times New Roman. Nikahifadhi. Nikahifadhi tena kwenye flash yake, juu ya ile ya zamani. Nikafunga. Kulikuwa na wateja sita nyuma yangu, sikuangalia hata ukurasa mmoja.

Namsikia mmoja wenu anasema: Ctrl na Z, Mama. Asante, mjukuu. Ctrl na Z ni dawa ya mtu ambaye bado hajafunga mlango.

Ijumaa asubuhi tukafungua ili tuchape. Kapinga akainama, akasoma mstari wa kwanza wenye hesabu. Halafu akauliza polepole, kama anaongea na mgonjwa: "Mama, miwani yangu iko wapi?"

Niliangalia. Nilikuwa nimewavua nguo wote. Mahali pa miwani palikuwa na pesa za watu wa mbali. Nyoka wote wamekuwa o zenye kofia. Bata na mkeka wake wamekuwa pesa ya Waingereza. Kurasa hamsini na nane za sokoni.

"Njo mwisho wa darasa yangu," Kapinga akasema, akakaa juu ya kiti cha wateja na mkoba mapajani. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie.

"Simama," nikamwambia. "Bale bote nabajua hata bila nguo. Weye unaona takataka, miye naona bantu."

Na ilikuwa kweli. O yenye kofia ni nyoka tu, hawezi kuwa kitu kingine. Namshika, namvalisha Symbol, basi. Tena kuna ufunguo mmoja, F4, unarudia kazi ya mwisho uliyofanya: unashika herufi, F4, nyingine, F4, kama kupiga mihuri. Tukaenda vizuri mpaka ukurasa wa kumi na mbili. Hapo tukakuta hii: F = ppr².

Nikaondoa mkono. "Kapinga, p wawili. Nani meza?"

Maana, muelewe, katika hesabu za maji kuna p mwingine, p wa kweli, asiyevaa kinyago. Na miye sikuwa na njia ya kumtofautisha na meza aliyevuliwa. Wote wako uchi, wote ni p.

"Moja ni meza, moja ni p," Kapinga akasema.

"Najua! Wa mbele ao wa nyuma?"

Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akacheka. "Mama, hata ukibadirisha ni sawa. Bale banazidishana. Wa mbele, wa nyuma, jibu ni ile ile."

Miaka yote ile natetemeka kuweka kila kitu mahali pake, kumbe kuna mahali hesabu yenyewe haina habari! Ilikuwa mara ya kwanza hesabu kunihurumia.

Lakini kwa kurasa nyingine Kapinga mwenyewe alisema anahitaji daftari lake, kichwa kimejaa. Nikamwambia daftari liko mlangoni. Sitaandika hapa alichosema kwa Kiluba cha kwao Kasai.

Mama Ndaya alisimamisha biashara. "Mbona haukuniambia ni kitabu? Miye niliona ni mchoro ya batoto!" Akafungua kapu lake, tukapata karatasi karibu zote, zingine na alama ya mafuta mviringo kama muhuri wa serikali. Zilipungua mbili. Moja alikuwa nayo mwanamume mmoja aliyesimama pale pale kwenye ukuta anakula. Karibu tumpokonye beignet mdomoni. Nyingine, ile ya ukurasa wetu wa thelathini na moja, ilikuwa imeondoka na fundi wa baiskeli kuelekea Shituru. Kapinga akatoka mbio kumfuata.

Miye nikaendelea na mihuri yangu. F4, F4. Saa tano na nusu nikafika thelathini na moja, na Kapinga bado hajarudi.

Na pale, mwanzo wa mstari, p amesimama peke yake. Baada yake sawasawa, halafu F gawanya na pr². Yule wa chini, kando ya r², nilimjua, kurasa zote kumi na tisa zilizopita alikuwa meza. Lakini huyu wa kwanza? Peke yake, mbele ya mlango, kama mgeni aliyefika bila kubisha.

Papa Sangwa alikuwa ameshakufa zamani, lakini nilimsikia wazi: acha tundu, Feza. Ningeacha tundu, Kapinga akirudi angelijaza na kalamu ya bic, sekunde mbili. Lakini miye nilikuwa nimerudisha nyoka mia, nilijiona profesa. Nikasema moyoni, mgeni akisimama mlangoni kwako anapewa nini? Anapewa meza.

F4.

Kapinga alirudi saa sita kasoro, jasho, bila karatasi. Fundi wa baiskeli alishaitumia kupangusia mnyororo. Tulimaliza kurasa zilizobaki, tukachapa, tukakimbia kwa mfungaji wa vitabu, vitabu vinne, jalada gumu la buluu. Saa tisa kasoro dakika tano akaviweka chuoni. Hakuna aliyesoma tena thelathini na moja.

Siku ya kutetea kitabu, hapa kwetu munajua, ni karamu. Watoto wamevaa, majirani wamevaa, pagne mpya za kitenge. Nilikaa nyuma na Mama Ndaya. Mbele, jopo la watatu, na katikati, nani kama si profesa wangu wa nyusi nyeupe, bwana wa nyoka na miwani. Nikasema, tuko nyumbani.

Kapinga alisema vizuri nusu saa. Halafu kijana mmoja wa jopo, msaidizi, koti la kubana, akafungua kitabu mahali alipoweka kipande cha karatasi. Niliona unene wa kurasa upande wa kushoto, nikajua ni ukurasa gani.

"Madame, page trente-et-un, thelathini na moja. Munaandika hapa, pi ni sawa na nguvu gawanya na pi mara r mraba." Akavua miwani. "Pi. Ile ya tatu koma kumi na ine, tangu Mungu aumbe mviringo. Kumbe huku kwetu Likasi pi inabadirika kufwata mutu mwenye kusukuma?"

Chumba kizima kikacheka. Hata watoto, na hawakujua wanacheka nini. Kapinga akachukua kitabu, akaangalia, na nikaona shingo yake inakuwa ngumu. Angeweza kusema ni mpigaji. Wote wanasema hivyo, na hakuna jopo linaloamini.

"Ile meza ya kwanza..." akaanza.

"Meza gani?"

Alikuwa amesoma kwa lugha yangu wiki tatu, na sasa lugha yangu ilikuwa inamkaba mbele ya watu.

Nilisimama. Mama Ndaya alinivuta pagne, nikamwacha nayo kidogo.

"Ni miye!"

"Mama," profesa akasema, "hapa public haisemake. Ukae."

"Sikae, Profesa. Ile meza ni ya miye. Uyu mwanamuke hakuiweka. Daftari yake niliiuzisha na beignets, yeye alikuwa anafukuza baiskeli, p alisimama mulangoni peke yake, nikamupatia meza. Kama munakata pointi, mukate miye."

Msaidizi alikuwa ananiangalia kama nimetoka ukutani. Profesa aliweka mkono mdomoni, akaangalia dirisha, mabega yanatikisika. Halafu akakohoa.

"Collègue," akamwambia kijana, "Mama Feza alipiga hata thèse yangu. Uko na bahati kwamba alikubali kosa, ku yangu hakukubaliaka hata moja." Akageuka kwa Kapinga, na hapo sauti haikucheka tena. "Lakini jopo haliwezi kupitisha neno la mupigaji. Madame, chukua chaki. Ondoa meza, uweke mwenye nafasi yake. Na utuonyeshe yote, toka mwanzo, bila kitabu."

Kapinga alikwenda ubaoni. Alipogusa ubao tu, chaki ikavunjika. Akaokota kipande. Akaandika p, peke yake, mwanzo wa mstari. Halafu hakusimama tena. Alijaza ubao, akafuta, akajaza tena, nyoka, mlima, paa, na mara mbili nilimsikia anasema "meza" kwa sauti na hakuna aliyemrekebisha. Msaidizi aliuliza maswali manne. Alimjibu matano. Walitoka kushauriana, wakarudi, tukasimama, na alikuwa amepita, na alama nzuri, kwa sharti moja: vitabu vyote vinne visahihishwe kabla ya kuingia maktaba.

Mfungaji alitaka kuvunja majalada. Nikamwambia hapana. Nikachukua wembe mpya, nikakwangua ile meza polepole kama Papa Sangwa alivyokuwa anakwangua nta, mpaka karatasi ikawa nyeupe. Tundu nne, katika vitabu vinne. Nikampa Kapinga bic.

"Andika weye, Mama," akasema.

"Miye? Hata sijue ni nini."

"Ni pression. Namna maji inasukuma ukuta ya bomba. Meza inapima tu mviringo. Kama hakuna p, hakuna kitu inatembea."

Darasa alilipata. Yuko nalo mpaka leo, na nasikia wanafunzi wake wanasema meza badala ya pi, mkurugenzi amechoka kuwakataza. Miye macho yalinichosha, niliacha kazi. Mjukuu wangu anapiga Alt na sawasawa, sanduku linafunguka, hesabu zinajipanga zenyewe, na alama hazina nguo ya kuvuliwa. Ni vizuri. Ila kabla ya kubeba flash, mugeuze PDF, mufungue, muangalie ukurasa baada ya ukurasa, hata kama kuna wateja sita nyuma yenu.

Na siku mtakayoingia maktaba ya chuo, muombe kitabu cha buluu cha maji ya Koni. Ukurasa wa thelathini na moja, mwanzo wa mstari, kuna p mmoja wa bic. Ameegama kidogo upande wa kushoto, maana nilikuwa sijawahi kuandika herufi ya hesabu nikijua maana yake. Musimnyooshe.